Jukwaa la Mtu Mmoja

Tone lile lililotuachanisha wiki iliyopita lilianguka juu ya kinanda cha Kasdi, na Kasdi akalifuta kwa mkono wa shati upesi, kama mtu anayefuta ushahidi.

La pili likaanguka kwenye ngozi ya ngoma ya Jumadi. La tatu halikungoja kutazamwa. Mvua ikashuka.

Kwa wewe ambaye gazeti la juma lililopita jirani alilifungia maandazi, mambo ni haya. Pak Tarmudi, au tuseme Bwana Tarmudi, mwenye kinu cha mpunga, anamwoza binti yake. Mwanzo alikodi kinanda kimoja na mwimbaji mmoja, na jukwaa likajengwa mbele ya nyumba, kwenye uchochoro, kwa kipimo cha mtu mmoja na kinanda chake. Kisha akasikia kwamba hasimu wake wa ng'ambo ya mfereji alipomwoza binti yake alileta bendi nzima. Pak Tarmudi si mtu wa kupitwa. Akaagiza bendi nzima, na jukwaa akaliacha vilevile.

Akaweka na sharti. Mbele pasiguswe. Wageni lazima wapate pa kupanda, wacheze kando ya mwimbaji na kumtuza noti mkononi mbele ya macho ya watu. Harusi ya Java isiyo na nafasi hiyo si harusi, ni mkutano wa ushirika.

Kasdi, kiongozi wa bendi, alipanga na kupangua tangu asubuhi. Ngoma zikapanda juu ya kreti. Mpiga filimbi akakalishwa kwenye ngazi. Ikabaki spika kubwa ya besi, na ikabaki kona moja tu, na kwenye kona ile palikuwa na ufagio wa chelewa uliosimamishwa kichwa chini miguu juu, ncha zake zimechomekwa pilipili nyekundu na vitunguu vidogo.

Mtoto wa kule anayeanza kutambaa anajua ufagio ule kazi yake nini. Unazuia mvua, na hauguswi na mtu ila aliyeuweka. Aliyeuweka ni Mbah Rukmi, bibi anayeitwa kwenye kila harusi ya wilaya ile.

Kasdi aliugusa. Watu walipokuwa wakila mchana aliung'oa, akauficha nyuma ya jiko, kwenye kuni, akaisukuma spika mahali pake. Sasa ongeza hili: Mbah Rukmi ndiye mama yake Narsih, mwimbaji wa bendi, na Kasdi alikuwa amepanga kwenda kumposa Narsih mavuno yakiisha.

Haya, sote tumefika. Mvua inanyesha.

"Mas Kasdi, sogea nifunike ngoma," Jumadi alisema, kwa lile "Mas" la kule la kumwitia mtu kaka.

"Nisogee wapi? Nyuma yangu kuna gitaa, nyuma ya gitaa kuna ukuta."

"Gitaa ashuke."

"Akitaka kushuka, lazima besi atangulie."

"Besi atangulie basi."

"Siwezi," mpiga besi akajibu. "Waya wangu umekaliwa na wewe."

Jumadi akainua makalio, waya ukatoka. "Bendi hii," akasema, "mtu akitaka kupiga chafya lazima tupige kura."

Wengine walicheka. Kasdi hakucheka. Alikuwa akimtazama Narsih, ambaye alisimama mbele na maiki ameifunika kwa kiganja, uso juu, akiangalia maji yanavyojaa kwenye tumbo la turubai.

"Haiwezekani," Narsih alisema. "Mama hajawahi kushindwa. Tangu jana hajala, hajaoga, hata maji hajanywa. Mas, kuna mtu kagusa kitu."

"Msimu wenyewe wa mvua, Narsih."

"Mwaka jana haukuwa msimu wa mvua? Mwaka juzi?" Akamgeukia. "Kuna mtu kagusa kitu, nakwambia."

Kasdi akainama kutengeneza plagi ambayo haikuwa na ubaya wowote.

Pak Tarmudi akaja chini ya mwavuli, shati lake la batiki limeshaloa mabega. "Mwiteni yule bibi," akasema.

Mbah Rukmi akatoka upande wa jikoni na chetezo chake mkononi, ubani bado unafuka. Mwembamba, mgongo umepinda kidogo, midomo imekauka kwa njaa. Alisimama mvuani bila kujikinga.

"Mbah, hii ni nini?" Pak Tarmudi akaonyesha juu.

"Mvua, Pak."

"Najua ni mvua. Nilikuita ili leo nisiijue."

Mbah Rukmi aligeuza shingo taratibu, akaitazama kona ya jukwaa, mahali alipousimamisha ufagio wake kwa mikono yake mwenyewe na kuusomea dua. Akaiona spika. Kisha akamtazama Kasdi.

Kasdi akangoja jina lake litajwe. Alijua likitajwa atatimuliwa yeye na bendi yake, na wilaya nzima itajua mtu aliyeleta mvua kwenye harusi ya Tarmudi, na Narsih atajua.

"Labda nimezeeka, Pak," Mbah Rukmi akasema.

Maneno yale yalimwingia Kasdi mpaka kwenye mfupa. Angetukanwa angestahimili. Angepigwa angestahimili zaidi.

"Umezeeka," Pak Tarmudi akarudia. "Wakwe zangu wako njiani kutoka mjini. Watashuka na hariri zao kwenye tope langu. Watasema Tarmudi bahili, hakuweka mtu wa mvua. Sasa wakifika utapanda pale juu, utashika maiki, utawaambia kwamba uliwekwa, na umeshindwa, na kazi hii umeiacha kuanzia leo."

"Pak," Narsih akaingilia, "akisema hivyo nani atamwita tena? Mama ataishi kwa nini?"

"Ataishi kwa wewe. Si unaimba?" Kisha, bila kumtazama: "Kasdi, mtengenezee bibi maiki."

"Ndiyo, Pak," Kasdi akasema.

Msomaji, usinitolee macho mimi. Ndivyo alivyojibu. Neno lilimtoka kwa mazoea ya kumwitikia mwenye harusi. Narsih alimtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Naenda kutafuta nailoni," Kasdi akasema, akaruka chini. Hakuna aliyemuuliza nailoni ya nini. Alikimbia nyuma ya nyumba, akapita jenereta lililofunikwa gunia likikohoa kama mzee, akielekea kwenye kuni alikouficha ufagio. Aliona njia moja tu. Aurudishe. Aiondoe spika, ausimamishe ufagio pale pale, halafu apige kelele: jamani, si huu hapa, ulianguka tu. Mvua ikikatika, vema. Isipokatika, angalau bibi wa watu hatasimamishwa.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Kwenye kuni hapakuwa na ufagio.

Alipogeuka alimkuta Bu Wiji, dada yake Pak Tarmudi na mkuu wa jiko, amejifunga kanga yake ya Java kiunoni, anafagia maji yasiingie mafigani. Anafagia kwa ufagio wa chelewa.

"Bu Wiji, ufagio huo umeutoa wapi?"

"Nyuma ya kuni. Mtu kautupa na mzima kabisa. Watu hawana shukrani siku hizi."

"Ulikuwa na vitu kwenye ncha."

"Pilipili na vitunguu?" Bu Wiji akanyooka, ameshika kiuno. "Si nilipungukiwa! Nilimtuma mtu sokoni hajarudi mpaka leo. Nikakuta vimechomekwa pale, vizuri, vibichi. Nikasema riziki haina mlango. Nimevisaga."

"Umevisaga?"

"Vimeshaliwa nusu. Kaka yangu mwenyewe karudia sahani, analalamika pilipili kali kuliko siku zote. Wewe vipi, mbona umepauka?"

Kasdi akaketi juu ya kinu kilichopinduliwa. Siku nyingine angecheka mpaka machozi: mwenye harusi kaila kinga ya harusi yake kwa wali na samaki. Leo alihisi kama kila kitu alichokigusa kinakwenda kumchafua mtu mwingine. Bu Wiji hakujua. Pak Tarmudi hakujua. Katika nyumba nzima mwenye kujua alikuwa yeye.

Ndivyo alivyodhani.

"Wiji, niwekee wali," sauti ikasema mlangoni. "Mvua ikishashuka mfungo wangu umekwisha."

Ni Mbah Rukmi. Aliweka chetezo chini, akakaa kwenye kibao, akapokea sahani. Bu Wiji akampakulia wali, kipande cha samaki, na pembeni kijiko cha pilipili ya kusaga. Kisha akatoka na ufagio wake kufukuza maji ya uani.

Mbah Rukmi akachovya tonge kwenye pilipili, akala. Akatafuna polepole.

"Hii yangu," akasema.

Kasdi alitaka ardhi ipasuke. "Mbah."

"Nilikuona, mwanangu. Nilikuwa nimekaa pale dirishani na ubani wangu. Nilikuona ukitazama huku, ukitazama kule, kisha ukaung'oa."

"Mbona hukunizuia?"

"Mfungo wangu hauniruhusu kusema na mtu mpaka harusi iishe. Ningesema, ningeharibu mimi." Akachukua tonge jingine. "Nikasema moyoni, huyu atarudisha. Atashtuka mwenyewe arudishe. Nikangoja."

"Nafasi haikuwepo, Mbah. Nilijaribu kila namna. Wakwe wangekuja wakute besi haisikiki."

"Najua. Kajukwaa kadogo." Hakusema kwa kejeli, na hilo likazidi kumuumiza.

"Naenda kumwambia Pak Tarmudi sasa hivi."

"Kaa."

Akakaa.

"Ukimwambia, atakufukuza na bendi yako. Wenzako wale wamekukosea nini? Na Narsih ataimbia wapi? Nyumba yangu itakuwa na watu wawili wasio na kazi badala ya mmoja." Akaramba kidole. "Mimi mzee. Aibu ya mzee haina safari ndefu. Wewe nyamaza, upose mke wako, umtunze. Nitakuwa nimelipwa."

"Mbah, mimi siamini hata kama ufagio unazuia mvua."

"Sikukuuliza unaamini nini," bibi akasema. "Mimi naamini. Umri wangu wote nimeamini. Leo napanda kusema mbele za watu kwamba dua yangu haisikilizwi, na najua si kweli. Hapo ndipo panapouma, si penginepo."

Kasdi akafunika uso kwa mikono. Alikuwa amedhani anaogopa kufukuzwa. Kumbe msamaha wa bure ndio mzigo. Mtu akikudai unaweza kumlipa. Mtu akikwambia nenda, nimekuachia, utakwenda wapi naye.

Honi zikalia barabarani. Wakwe wamefika.

"Nisaidie kunyanyuka," Mbah Rukmi akasema.

Walipofika mbele, wakwe walikuwa wameshakalishwa chini ya turubai, miguu ya suruali imekunjwa, viatu mikononi, nyuso zimevimba. Pak Tarmudi alikuwa akizunguka kati yao akiomba radhi kwa kila kiti. Alipomwona Mbah Rukmi akaonyesha jukwaa kwa kidevu.

Bibi akapanda ngazi moja. Mpiga filimbi akashuka kumpisha. Akapanda ya pili. Akasimama. Hapakuwa na pa kukanyaga.

"Sogezeni vitu," Pak Tarmudi akaagiza.

"Mbele, Pak?" Jumadi akauliza.

"Mbele ni pa wageni. Ondoeni lile lispika la kona."

Wakashikana watatu, wakalinyanyua lile spika la besi. Wakalipitisha juu ya kinanda, wakalishusha chini, wakaliegemeza ubavuni mwa jukwaa, wakalifunika nailoni. Kazi ya kufumba na kufumbua. Mpiga besi akagusa uzi mmoja kujaribu. Ulisikika hadi barabarani.

"Kumbe ingekaa chini tangu asubuhi," Jumadi akasema. "Na inalia vizuri zaidi. Mas, tulikuwa tunabanana kwa nini?"

Kasdi aliitazama kona ile ikiwa tupu. Nafasi ilikuwepo. Siku nzima nafasi ilikuwepo, pembeni na chini, na yeye hakuitafuta kwa sababu ufagio haukuwa na wa kuutetea. Nafasi imepatikana sasa, ili mwenye ufagio apate pa kusimama na kujitukana.

Narsih akainama. Pale spika ilipokuwa, kwenye mbao, palikuwa na kitu kidogo kimepondeka. Akakiokota. Kitunguu. Kitunguu kidogo chekundu, kimetobolewa katikati, tundu la ukubwa wa uti wa chelewa.

Alikitazama kwa muda. Kisha akamtazama mama yake. Mbah Rukmi akaangalia pembeni.

"Mas," Narsih akasema kwa sauti ya chini, "spika hii nani aliiweka hapa?"

"Narsih, subiri kwanza."

"Nimekuuliza nani. Sijakuuliza kwa nini."

"Bibi, anza," Pak Tarmudi akaita kutoka chini. "Wageni wanasubiri."

Mbah Rukmi akashika maiki kwa mikono miwili, kama watu wasioizoea wanavyoishika. Spika zikapiga mluzi, watu wakaziba masikio. Akaisogeza mbali kidogo na mdomo.

"Waheshimiwa wakwe," akaanza. "Mimi ni Rukmi. Nyumba hii iliniweka nizuie mvua, haikufanya ubahili. Kosa si lao. Mimi nime..."

Sauti ikamkatika. Akaanza tena. "Mimi nime..."

Kasdi akanyoosha mkono juu ya kinanda, akaichukua maiki. Hakupanga. Mkono ulitangulia, yeye akaufuata. Bibi akaing'ang'ania, wakavutana kidogo mbele ya wakwe wote, na mwisho vidole vya kijana vikashinda.

"Usifanye," Mbah Rukmi akanong'ona. "Nimekwambia usifanye."

"Jamani," Kasdi akasema ndani ya maiki, na sauti yake ikajaa uchochoro mzima. Pak Tarmudi akageuka. Bu Wiji akachungulia na ufagio wake. Kasdi akafumba macho. "Bibi huyu hakushindwa. Ufagio wake niliung'oa mimi. Mimi Kasdi. Niliung'oa nipate pa kuweka spika, nikauficha, na nikamwacha asimame mvuani atukanwe, huku nimenyamaza. Mimi ndiye."

Alipofumbua macho alimkuta Pak Tarmudi ameweka kiganja nyuma ya sikio.

"Unasema?" Pak Tarmudi akaita. "Sikusikii."

Taa ndogo ya maiki ilikuwa imezimika. Taa za rangi juu ya jukwaa zimezimika. Nyuma ya nyumba jenereta lilikuwa limekohoa mara ya mwisho likanyamaza, na Kasdi, kwa kujisikia mwenyewe kichwani, hakugundua kwamba baada ya neno lile la jamani hakuna kilichotoka. Mvua ilikuwa ikipiga turubai kwa nguvu zote. Wakwe walikuwa wakiulizana wakati wa kula umefika au bado.

Hakuna aliyesikia. Hata Jumadi, nyuma ya ngoma zake, alikuwa ameinama akisaka tochi.

Maneno yale yalikuwa yamefika kwa watu wawili tu, kwa kuwa jukwaa lilikuwa dogo na walisimama pua kwa pua. Mmoja alikuwa Mbah Rukmi, naye alishika mkono wa Kasdi na kuuminya. "Mungu amekusitiri," akamwambia sikioni. "Umeshasema, umeshatua. Sasa nirudishie maiki."

Na Mungu anajua, Kasdi alihisi nafuu. Ilimjia kwanza, kabla ya aibu, na ilikuwa tamu. Amesema. Nani atamlaumu kwamba umeme ulikatika?

Wa pili alikuwa Narsih. Kitunguu kilikuwa bado kiganjani mwake. Alikuwa ameiona ile nafuu ikipita usoni mwa Kasdi, maana kwenye jukwaa lile hapakuwa na pa kuificha.

Nyuma ya nyumba mtu akavuta kamba ya jenereta. Likakoroma, likazimika. Akavuta tena. Likashika.

Taa zikawaka. Spika zikanguruma. Watu wote wakageuza nyuso kuelekea jukwaani, na Pak Tarmudi akaweka mguu kwenye ngazi ya kwanza apande kujua kuna nini.

Narsih akaichukua maiki mkononi mwa Kasdi. Akaipiga kwa kidole, ikaitika. Kisha akamrudishia, akaisimamisha mbele ya mdomo wa Kasdi, na kwa mkono wa pili akamwekea kitunguu juu ya kinanda, pale pale lilipoanguka tone la kwanza.

"Rudia, Mas," akasema. "Watu hawakusikia."